Alama ya Kikombe

Tulimzika Gathoni kwao Kianyaga, na mvua ilituheshimu, ikangoja. Sitasimulia ugonjwa wake. Mwenyewe hakupenda usimuliwe, na mtu aliyekuwa mkali vile akiwa hai sitathubutu kumchokoza sasa. Turubai mbili zilikuwa zimefungwa kati ya migomba na boma la ng'ombe, viti vya plastiki vimejaa, na waliokosa viti wamesimama kwenye shamba la kahawa mpaka juu barabarani. Mwendesha shughuli alikuwa jamaa wa sauti nene na saa kubwa ya mkononi. Aliita vikundi kimoja kimoja visimame, kama desturi yetu ilivyo: wa ukoo, wa kanisa, wa chama cha akiba, majirani. Kisha akaitazama karatasi yake, akasema, "Hapa nimeandikiwa watu wa kompyuta. Hao watoe mtu mmoja tu, dakika mbili, tuko na haraka." Nikasukumwa mgongoni na mikono ambayo sikuiona ni ya nani, na nilipopewa kipaza sauti nilimwona mama yake, Wanjiku, mbele kabisa, amefunga leso kichwani, ananitazama kama aliyesahau mimi ni nani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yalinitoka yote. Kilichobaki kichwani ni mwaka mmoja tu, miaka mingi iliyopita, mwaka ambao mimi na Gathoni tulipanga kongamano.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta za kukodi, Nyeri mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja, na hata leo nikiinusa mahali nasikia mashine ya fotokopi ikikohoa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Gathoni aliingia asubuhi moja akiwa na kitabu kimefunikwa kwa karatasi ya unga, akaketi kwenye kompyuta ya pembeni, na kwa muda mrefu hakufungua barua pepe wala picha za wasanii kama wengine. Aliandika. Nilipita nyuma yake nikijifanya nafagia, nikaona maandishi meupe kwenye weusi. Kisha akabonyeza kitufe kimoja, na majina ya wanakwaya wa kanisa lake yakajipanga yenyewe, kutoka A hadi W, kufumba na kufumbua. Mimi nilikuwa nimepoteza siku nzima juma lile nikipanga majina ya waombolezaji kwa mkono. Nikaacha ufagio. "Hiyo ni nini?" nikamuuliza. "Ni lugha," akasema. "Inaitwa Python. Unaiambia kitu, inafanya." Nikamwambia nami nifundishwe kuongea nayo, akacheka, akasogea nikae.

Kitabu chake kilikuwa cha mitumba, na hakikuwa kizima. Sura ya saba ilikuwa imetoka yote. Alinieleza bila hasira kwamba asubuhi moja ya baridi kule Kianyaga mama yake alikosa karatasi ya kuwashia moto, akaona kitabu kimelegea mgongo, akachomoa penye urahisi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa sura ya sita palikuwa na alama ya kikombe, duara la chai la rangi ya udongo, limekatika upande mmoja kama mwezi. Kikombe ni cha asubuhi ile ile. Nilitoa fotokopi yangu kwenye mashine yetu, duara likatoka jeusi tititi. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja cheti chake akaomba naye atolewe nakala, kisha mwanafunzi wa ualimu akaomba, na mimi nikawatolea. Sikufikiria zaidi ya hapo. Sura ya saba Gathoni alinifundisha kwa mdomo, chumbani kwake Ruring'u, kwa viazi vitamu na chai iliyozidi tangawizi, kwa sababu yeye alikuwa ameisoma kabla haijaivisha chai.

Chumba hicho kilikuwa kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba, kitanda upande huu, jiko upande ule, na siri haikuwezekana. Ndivyo nilivyosikia habari za Doha. Nilikuwa nikimenya ndizi, yeye yuko kitandani anaongea na dada yake kwa simu, na dada huyo alikuwa amempatia kazi ya mapokezi katika hoteli alikofanya kazi mwenyewe. "Ninajua, Shiru. Ninajua ni kazi mzuri," nilimsikia akisema. "Si ati nimekataa. Nipee mpaka huu mkutano uishe." Alitoka akanikuta nimesimama na kisu. "Mkutano gani?" nikamuuliza, na ndipo nilipoambiwa. Alitaka kuwaita watu wote wanaoandika lugha ile, kuzunguka mlima mzima, waje Nyeri siku moja. Nikamuuliza watu wote ni akina nani, maana mimi niliwajua wawili, na wote wawili walikuwa jikoni. "Hiyo ndiyo nataka kujua," akasema. "Nimechoka kuwa kama mtu anaongea na ukuta. Wakija watu wa kujaza benchi mbili za mbele, mimi nabaki. Wasipokuja, naenda Doha na sitalia." Nilijua atalia. Na nilijua, bila kumwambia, kwamba akienda nitarudi kuwapanga waombolezaji kwa mkono mpaka nizeeke.

Sasa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuhudhuria kongamano la kiufundi. Tulisikia tu kwamba Nairobi yapo. Basi tulipanga letu kwa njia pekee tuliyoijua, ile ya harusi na mazishi: tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa Mwalimu Ndirangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta lakini funguo za ukumbi wa kanisa zilikaa mfukoni mwake. Tulikutana Jumapili baada ya ibada kwenye chumba cha watoto cha nyuma, tumekaa kwenye viti vya chekechea, magoti yanagusa kidevu. Mimi nilitaka tuzungumzie projekta. Mwalimu alitaka tuzungumzie chakula. "Mtu ametoka Kangari na alfajiri," alisema, "utampatia hiyo projekta akule?" Tukaafikiana mukimo, viazi na mahindi vya kupondwa, na kitoweo cha mbuzi, na mama yake Gathoni akakubali kuja kupika. Kisha Gathoni akasoma ratiba: maombi, mgeni tuliyemwalika kutoka Nairobi kuhutubia saa nzima, chakula, majadiliano, shukrani. Mwalimu akavua miwani. "Na watu watajuana saa ngapi?"

"Watajuana wakati wa chai," Gathoni akasema.

"Haiya! Mkutano watu hawajajitambulisha ni mkutano gani? Hata mazishi watu husimama. Mtu anasimama, anasema anaitwa nani, ametoka wapi, na ni nini imemleta. Hiyo ndio mwanzo."

Gathoni alinitazama, nami nikatazama ukuta, ambapo Nuhu wa rangi ya kalamu alikuwa akipakia twiga. Kumkatalia mwenye funguo hatukuweza. Tukaandika "Kujitambulisha" mwanzoni kabisa, kwa muda mfupi, na mimi nikapewa kengele ndogo ya shule ya Jumapili. Atakayerefusha, nimpigie. Ulikuwa ujinga mtupu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wowote wa mlimani angetuambia, kwa kuwa hakuna mtu wa huku aliyewahi kujitambulisha kwa kifupi. Lakini hapakuwa na mtu wa kutuambia. Sote tulikuwa wa huku.

Matangazo tuliyabandika kwenye saiba na kuyapeleka makanisani. Tulizunguka Karatina, Mukurweini, Kerugoya, nyuma ya bodaboda, mimi nimeshika gundi na yeye karatasi. Kule Mukurweini nilimsikia katibu wa kanisa akilisoma tangazo letu baada ya lile la chanjo ya kuku, akasita kwenye neno Python, akaliruka, akasema, "Wale wote wanaongea na kompyuta, mnaitwa Nyeri." Watu wakacheka. Hakuna aliyeinua mkono. Jioni hiyo, tuliporudi Nyeri, nilimsikia Gathoni kupitia mbao akimuuliza dada yake kama Doha kuna baridi.

Siku yenyewe ilianza na ukungu. Wanjiku, mama yake, alikuwa amefika na sufuria zake tangu jana na tayari moshi ulikuwa ukitoka nyuma ya ukumbi. Mgeni wetu alifika mapema kutoka Nairobi, kijana mwenye koti na kompyuta nyembamba, mtu mwenye adabu lakini mwenye kutazama saa. Ukumbini tulikuwa sisi, yeye, Mwalimu, na safu za mabenchi matupu. Gathoni alikaa benchi la mbele, peke yake, mikono katikati ya magoti. Sijawahi kuona benchi refu vile. Nilitoka nje nikijidai naangalia maji, nikasimama getini, nikaomba. Ukungu ukaanza kuinuka, kwanza barabara ikaonekana, halafu miti, halafu mlima wenyewe wote na theluji yake, wazi kama umeoshwa. Na kwenye barabara ile, mwanamke mwenye sweta ya kijani akishuka kwenye boda, amebeba mfuko wa nailoni kifuani. Nyuma yake vijana wawili wenye viatu vya matope ya shamba la chai. Nyuma yao mtawa. Nyuma yake mzee na mjukuu wa kike. Walikuwa wakija kwa uoga, kila mmoja akiwatazama wengine kama mtu anayeshuku amekosea mahali. "Ni hapa?" yule mwanamke akaniuliza. "Hapa kwa watu wanaongea na kompyuta?" Nilimwambia ni hapa, nikamfungulia geti.

Benchi mbili zilijaa. Zikajaa nne. Mwalimu Ndirangu akafungua kwa maombi marefu, kisha akasema kila mtu asimame ajitambulishe, na mimi nikashika kengele. Sikuwa tayari kwa nilichosikia. Kijana wa kwanza alitoka Kangari, akasema ameandika programu ya kujumlisha kilo za majani chai za nyumbani kwao, "na hakuna mtu nimeshawahi kuonyesha, kwa sababu nani ataelewa?" Mtawa alitoka Kerugoya, alikuwa anapanga zamu za wauguzi. Mzee alikuwa fundi wa redio aliyejifunza baada ya kustaafu, na mjukuu wake ndiye aliyemsomea kitabu kwa sauti kwa kuwa macho yamechoka. Kila mmoja, baada ya jina na mahali, alisema maneno yale yale, kama waliyakariri pamoja: "Nilikuwa nafikiria niko peke yangu." Wengine waliongea kwa muda ambao kengele yangu ilipaswa kulia mara tano. Mgeni wetu aliangalia saa. Nilipoinua mkono kumpigia mwalimu wa hesabu aliyekuwa anaeleza ratiba ya shule yake darasa kwa darasa, Gathoni alifika nyuma yangu, akaufunika mkono wangu na kengele pamoja, akaichukua, akaketi nayo. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Kisha akasimama yule mwanamke wa sweta ya kijani. Aliitwa Nyambura, kutoka Mukurweini, karani wa mahali wakulima wanapoleta maziwa asubuhi. Alitoa kwenye mfuko wa nailoni rundo la karatasi alizochapa, programu yake, akazifungua zikaburuzika sakafuni. Kila mkulima alikuwa na mstari wake, na kila siku ya mwezi mstari wake tena, mistari juu ya mistari, yote kaiandika kwa kidole. "Nisameheni," alisema, "najua iko na njia fupi. Lakini kitabu yangu haina chapta ya saba. Inatoka sita inaruka nane." Watu wachache walicheka kwa upole. Kijana wa Kangari hakucheka. Alikuwa amesimama tena bila ruhusa. "Mama, hiyo kitabu yako," alisema polepole, "kabla haijaruka. Iko na alama ya kikombe?"

Nyambura akachakura mfukoni, akatoa fotokopi iliyochakaa, akaiinua juu. Kutoka nilipokaa niliiona: duara jeusi, limekatika upande mmoja kama mwezi. "Hata yangu," akasema mtawa. "Hata yetu," akasema mjukuu wa fundi. Na mikono ikaanza kuingia kwenye mikoba na chini ya makoti, na karatasi zikainuliwa benchi baada ya benchi, nyingine duara limefifia kwa kunakiliwa nakala ya nakala, nyingine limevimba na kuwa doa, lakini ni lile lile, kikombe kile kile, kila mahali. Nilikuwa nimetoa nakala chache tu kwenye mashine inayokohoa, na wale waliozichukua waliwatolea wengine Karatina, na hao wengine Embu na Murang'a, na kitabu kimoja kibovu kikauzunguka mlima bila kelele huku sisi wawili tukilia kwamba hatuna mtu. Watu walitazamana kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Milima haikutani, husema watu, na siku hiyo nilielewa kwa nini waliona haja ya kusema kwamba binadamu hukutana.

Nyuma, mlangoni pa jikoni, Wanjiku alikuwa amesimama na mwiko unatiririka. Alikuwa amekuja kuuliza kama apakue. "Gathoni," aliita mbele ya watu wote, "hiyo karatasi wanasema haiko ni ile niliwasha moto nayo?"

"Ni hiyo, Maitu."

"Woi! Kumbe ilikuwa na kazi?"

Ukumbi uliangua kicheko mpaka Mwalimu Ndirangu akajifuta machozi. Ndipo mgeni wetu akafanya jambo ambalo namshukuru kwalo hadi leo. Alifunga kompyuta yake nyembamba, akasema hotuba yake inaweza kungoja mwaka mwingine, kuna sura haijasomwa. Gathoni akaenda mbele kwenye kompyuta tuliyokuja nayo. Hakuwa amejiandaa. Alimwomba Nyambura majina ya wakulima wake na maziwa yao, akayaweka kwenye orodha moja, na chini yake akaandika, huku akisoma kwa Kiswahili tunachoongea: kwa kila mkulima, chukua maziwa yake, jumlisha. Mistari mitatu. Akabonyeza. Mwezi mzima wa maziwa ya Mukurweini ukashuka kwa mwanga wa projekta kwenye ukuta wa ukumbi, mkulima mmoja baada ya mwingine, bila kusimama, na nikasikia watu wazima wakivuta pumzi kwa pamoja. Nimeona mambo mengi ya mashine tangu siku ile, makubwa kuliko hilo mara elfu. Hakuna lililonitetemesha hivyo. Nyambura aliinama taratibu, akaanza kukunja karatasi zake ndefu kutoka sakafuni, akicheka na kulia, na kijana wa Kangari akamsaidia kushika upande mmoja kama watu wanaokunja shuka.

Mukimo uliliwa umepoa. Wakati wa shukrani Mwalimu Ndirangu aliuliza, kama iwapasavyo wenyeviti, kama kuna yeyote ambaye hajajitambulisha. Nilidhani tumemaliza. Gathoni, aliyekuwa akikusanya sahani, aliziweka chini, akapangusa mikono kwenye sketi. "Ni mimi," akasema. "Naitwa Gathoni. Natoka Kianyaga." Alitazama mabenchi, yote, mpaka la nyuma. "Nilikuwa nafikiria niko peke yangu. Siendi mahali." Wengi hawakujua alimaanisha nini, wakapiga makofi tu kwa kuwa ni desturi. Mimi nilishika meza.

Hakwenda. Alifundisha mlima huu mpaka mwili ulipokataa, kwenye saiba, kwenye vyumba vya chekechea, kwenye vibanda vya maziwa, na kila mwaka kongamano lilianza kwa kujitambulisha, na kila mwaka wageni kutoka nje walitazama saa. Hayo yote ndiyo yaliyokuwa kooni mwangu pale Kianyaga, nimeshika kipaza sauti, na mwendesha shughuli akininyooshea mkono wenye saa. Dakika mbili hazikutosha hata pumzi. Basi nikasema, "Mimi naitwa Wangechi, natoka Nyeri. Wengine wasimame, kila mmoja aseme mwenyewe."

Nyambura akasimama, mvi kichwani sasa. Akasimama mtu mzima wa Kangari. Kisha wakaanza kusimama watu nisiowajua kabisa, wasichana wenye sare za shule, makarani, kasisi mmoja, na sauti zikaendelea kutoka chini ya turubai mpaka kwenye kahawa, mpaka barabarani, jina na mahali, jina na mahali, Embu, Kerugoya, Mukurweini, Othaya, na wale wa juu wakipaza sauti ili wasikike. Mwendesha shughuli alifungua kinywa. Mwalimu Ndirangu, mzee sana, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliinua mkono mmoja tu, na yule jamaa akakifunga. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu yetu na hakuna aliyeyatazama.

Sauti ya mwisho ilipokwisha, Wanjiku alininyooshea mkono nimpe kipaza sauti. Alikishika mbali na mdomo, kama mtu anayeogopa kitamuuma.

"Mimi ni nyina wa Gathoni," alisema. "Natoka hapa hapa. Hiyo karatasi mnasemanga, ni mimi niliwasha moto nayo." Watu wakacheka kidogo, kwa machozi. Yeye hakucheka. Alitazama lile jeneza. "Kulikuwa na baridi. Nilitaka tu akunywe chai."